Jina la Papa Bapa

Goma, tarehe 8 Februari 1953

Dada yangu Athanasie,

Yesu akulinde pale Bihambwe, wewe na Mama. Usishangae kuona muandiko wangu ku karatasi yenye chapa ya Serikali. Nimepata kazi! Haiko ya kufundisha. Ubao na chaki nimeviacha. Sasa mimi njo sauti ya sinema.

Ngoja nikueleze. Serikali iko na kamio, gari kubwa la mizigo, inayobeba mashini ya sinema. Tunafika mu kijiji, tunafunga kitambaa cheupe kati ya miti, na jua likishazama mashini inatupa mwanga na watu wanaanza kutembea pale ku kitambaa. Lakini wanasema Kifaransa, ao hawasemi kabisa. Kwa hiyo Bwana Agent, Muzungu anayeongoza kazi hii, alitafuta muntu wa kushika mikro, chombo cha kukuza sauti, na kuwasemea mu Kiswahili. Alijaribu walimu wengi, na wote walisoma kama vile wako kanisani. Mimi nilipoingia, alinionyesha filimu moja ya michoro, akasema: « Sema. »

Athanasie, hiyo filimu! Hakuna watu wa kweli ndani. Ni picha za kuchora, lakini zinakimbia, zinaruka, zinapigana. Kuko nyama mukubwa wa manyoya, wa inchi za Ulaya zenye baridi, jina lake silijui mpaka leo. Kidogo iko kama imbwa, kidogo kama nguruwe. Iko na duka la mikate, na kindege kimoja kinamuibiaka. Anakifukuza. Anakanyaga jembe, mupini unamupiga ku pua. Anaanguka mu kisima, anatoka na ndoo ku kichwa. Mwisho anapanda mulima kusukuma jiwe liangukie kindege, na jiwe linamurudilia yeye mwenyewe: pwaa! Amekuwa bapa kama karatasi. Halafu anaamuka vile vile bapa, anatembea upande, muguu moja unajivuta, kichwa kimelala ku bega. Nikamupa jina pale pale: Papa Bapa. Na kila hatua nikamufanyia sauti na mudomo: kwe-kwe-kweee! Bwana Agent alicheka mpaka akatoka ku kiti.

Kisha hapo tunaonyesha filimu ya choo na ya inzi, za kufundisha usafi, maana njo kazi yenyewe. Lakini watu wanakuja juu ya Papa Bapa, na Papa Bapa bila mimi ni nini?

Mwambie Mama asilie juu ya ualimu. Mwalimu anaogopwa. Mimi ninapendwa.

Kaka yako,
Léonard


Bihambwe, tarehe 3 Machi 1953

Kaka Léonard,

Barua yako ililetwa na Padri mwenyewe. Mama aliita majirani, nikaisoma mbele ya nyumba. Nilipofika ku kwe-kwe-kweee nilisikia haya, nikairuka, lakini Mama alijua kuko kintu nimeficha. Wakanilazimisha. Basi nikafunga kikwembe kiunoni vizuri, nikatembea kiwanja chote upande-upande, kichwa ku bega, na ile sauti. Mama alicheka mpaka akashika tumbo. Tangu Baba afariki sikuwa nimeona meno yake ya nyuma. Kwa hiyo, aksanti.

Nasikia mulipita Mweso. Wanamuke wanaotoka kule sokoni wanasema siku ile hata wagonjwa wa lopitali walibebwa kuja kuangalia.

Sasa sikia shida yangu. Nzabandora hajaniandikia tangu mbele ya Noeli. Unajua bwana yangu: hakosi kuandika, hata kama iko na maneno mafupi tu, « niko muzima, mvua ni mingi, kazi ni ngumu ». Nimeandika kule ku mugodi mara na mara, na hakuna jibu. Mama mukwe ameanza kusema watoto wa kiume wakifika Walikale wanaoaka kule kule, maana kule pori iko na wanamuke wanaozaa. Anasema hivyo akiangalia tumbo langu. Ule mujane Sebarenzi, aliyefiwa na bibi yake, naye amejifunza njia ya kupita hapa kila jioni kusalimia Mama.

Ukifika Walikale na kamio yako, mutafute. Muangalie na macho yako. Kisha uniandikie kile umeona, usikipake sukari.

Dada yako,
Athanasie


Walikale, tarehe 26 Aprili 1953

Dada Athanasie,

Tumefika, na kazi imeenda vizuri. Wakubwa wa mugodi wamefurahi.

Bwana yako nimemuona. Iko muzima. Lakini uliniomba nisipake sukari. Amepata mwanamuke hapa, wanakaa pamoja. Hataki kurudi. Anasema usimungojee, na ukipata muntu mwingine mwenye roho nzuri yeye hatakukataza.

Usimuandikie tena. Na kuja huku usijaribu; barabara ni mbaya na mvua haikatiki.

Pole sana. Mweleze Mama polepole.

Léonard


Pori ya Walikale, tarehe 20 Mei 1953

Shemeji Léonard,

Aksanti kwa kufanya vile nilikuomba. Najua kumudanganya dada yako haikuwa rahisi. Lakini ni vizuri hivi. Akikasirika ataolewa. Akinihurumia atazeeka na mimi.

Kama nilivyokuambia, mulima uliangukia timu yetu kiisha Noeli. Wenzangu wengine hawakutoka. Mimi walinichimbua. Mugongo ulishikana vibaya na muguu wa kushoto unakuja nyuma yangu kama umechelewa. Kompanyi ilinipa karatasi ya kurudi kwetu. Nimekataa kurudi. Niliondoka Bihambwe muntu mwenye kubeba gunia la maharagi ku kila bega. Nirudi namna hii, mama yangu anioshe kama mutoto?

Nimeacha kambi. Barthélemy, muwindaji wa hapa, na bibi yake Joséphine-Marie wamenipokea ku nyumba yao mu pori. Nasuka vitunga, wanauza ku barabara. Huku ni watu wachache. Njo vizuri.

Ile mambo ya mbele ya kitambaa tusiisemeke tena. Ulikuwa ku kazi yako.

Shemeji yako,
Nzabandora


Bihambwe, tarehe 14 Juni 1953

Kaka Léonard,

Mama ameambiwa. Hakulia. Alisema tu, « Nzabandora? Ule Nzabandora? » kama vile kuko wengine.

Mama mukwe alikuja kuniomba samahani, na uso wake ulikuwa unachekea ndani. Sebarenzi alituma dada yake kuniambia kama yeye hana haraka. Nilienda kwa Padri. Akanieleza ndoa ya kanisa haifunguliwe kwa sababu ya maneno ya barua, na mwanamuke Mukristu ni wa kusali na kuvumilia. Nikamujibu: « Padri, nimesali. Nimebakia na kuvumilia, na ile sitaki. »

Nitaenda Walikale. Usinikataze. Kuko kamio inapakia viazi ya kambi za mugodi, mupakizi ni muntu wa kwetu. Chefu wa kijiji amenipa ruhusa ya njia. Sifuate bwana, sitamuomba arudi. Nataka nisimame mbele ya huyo mwanamuke, nimuangalie uso, nimupe pete mu mukono wake, niseme: shika, na jasho lake la usiku ushike nalo. Kisha nitarudi nyumbani na kulala usingizi.

Athanasie


Rutshuru, tarehe 2 Julai 1953

Athanasie,

Barua yako imenikuta huku, nimeisoma nikisimama. Ninaituma hii na kamio ya kwanza inayopanda Masisi. Usiende. Nakusihi kwa jina la Baba yetu, usiende. Ningoje, nitakuja Bihambwe mwenyewe nikuambie kitu.

Léonard


Walikale, tarehe 19 Julai 1953

Kaka Léonard,

Nimefika. Kamio iliharibika njiani, tukalala chini yake mu matope, mimi na wamama wa Ngungu wenye viazi. Njia yote nilikuwa natengeneza maneno ya kumwambia huyo mwanamuke. Nilikuwa nayo mazuri. Moja hata wamama wa Ngungu waliipigia mikono.

Ku kambi nikauliza: nyumba ya Nzabandora, muntu wa Bihambwe, iko wapi? Hakuna aliyejua lile jina. Nikaeleza: murefu, iko na kovu ku kidevu, anaimbaka sauti ya chini kanisani. Wakatikisa kichwa. Nikasema, yule wa timu iliyoangukiwa na mulima, maana hiyo nilisikia kwa dereva, hakuna muntu wa kwetu aliyenieleza. Hapo mama moja aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akacheka, akasema, « Aa! Unatafuta Papa Bapa! »

Kaka, mimi pia nilicheka. Nilifikiri hakusikia vizuri. Nikamwambia: « Hapana mama, huyo ni wa sinema. Ni kaka yangu njo alimupa jina. »

Akaacha kutwanga. « Kaka yako njo ule wa mikro? »

« Njo yeye. »

« Basi hakukuambia, » akasema, akanishika mukono kama muntu anayeshika kipofu.

Hakuna mwanamuke, Léonard. Kuko Joséphine-Marie, bibi ya Barthélemy, mama wa mvi anayemuita « mutoto wangu ». Ku nyumba yao mu pori nilikuta Nzabandora amekaa chini, anasuka kitunga. Aliponiona alifunika uso na kile kitunga. Nikasema, « Simama unisalimie kama muntu. » Akasimama. Akanijia. Nikaona vile anatembea: upande, muguu unajivuta, kichwa ku bega.

Nilikuwa najua ile mwendo. Nilikuwa nimeitembea mimi mwenyewe mu kiwanja chetu, na Mama ameshika tumbo, na majirani wanapiga mikono. Siku ile yeye alikuwa amelala lopitali na mbao ku mugongo.

Joséphine-Marie amenieleza yote, maana Nzabandora hakutaka. Ameniambia kiisha mulima kuanguka ulifungwa, na ulipofunguliwa mu Aprili watu wa mugodi walikataa kupanda tena. Walikaa mu kambi, hawakujibu kapita, musimamizi wao, hawakujibu Muzungu. Njo wakubwa wakaita sinema. Ulijua hiyo, ao hukujua? Jiwe lilipomuangukia Papa Bapa, watu wote walinyamaza. Wajane walikuwa pale mbele. Hukuuliza kwa nini wamenyamaza. Uliongeza sauti.

Kisha vijana wakamusukuma Nzabandora mu mwanga wa mashini, maana alikuwa ametoka lopitali, na vile anatembea waliona. Kivuli chake kikapanda ku kitambaa. Na wewe ukasema mu mikro: « Tazameni! Papa Bapa mwenyewe! Ameshuka kutafuta mikate yake! » Na kila hatua aliyofanya kwa kutafuta kutoka mu mwanga, ukamupigia kwe-kwe-kweee. Joséphine-Marie anasema kicheko kilikuwa kikubwa, wengine walianguka chini. Hata mujane moja alicheka, na kisha akatapika.

Kesho yake asubuhi wote walipanda mulima.

Na wewe ukakaa chini, ukaniandikia: « Kazi imeenda vizuri. Wakubwa wa mugodi wamefurahi. »

Namupeleka bwana yangu nyumbani. Anakataa. Atachoka kukataa.

Athanasie


Goma, tarehe 11 Agosti 1953

Dada yangu,

Nimesoma barua yako, nikaiweka, nikaisoma tena. Acha nami niseme.

Mwanga wa mashini unanipigaka mu macho. Muntu akisimama pale, mimi naona tu kivuli cheusi. Watu walikuwa kimya, na Bwana Agent alikuwa nyuma yangu ananigusa bega: « Wachekeshe, Léonard, wachekeshe. » Nilifikiri hawaelewi filimu. Kile kivuli kilipotokea nilifikiri ni kijana wa kambi anaigiza, kama vile wanafanyaka kila mahali. Mu Rutshuru wanafanya. Mu Mweso walifanya.

Halafu akageuka. Nikaona kovu ku kidevu. Athanasie, nilizima mikro, nikasema mashini imeshika moto. Nikakimbia kumutafuta, nikamukuta nyuma ya magunia. Nilipiga magoti. Akaniinua. Yeye, na mugongo ule, akaniinua. Hakunitukana. Aliniomba kintu kimoja tu: « Mwambie nimeoa. » Ningemukataliaje, na kile nilikuwa nimetoka kumufanyia?

Juu ya wafanyakazi kukataa kupanda, niliambiwa tu kama kambi iko na huzuni. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilijisemea: basi mimi njo munganga wao.

Kama ningejua ni yeye, hata mudomo singefungua. Mungu anajua. Kama ningejua ni shemeji yangu!

Niandikie hata mistari miwili.

Kaka yako,
Léonard


Bihambwe, tarehe 27 Septemba 1953

Kaka Léonard,

Unataka mistari miwili, nakupa zaidi.

Unasema kama ungejua ni yeye. Na kama angekuwa mwingine? Kama angekuwa bwana ya muntu usiyemujua, ungemaliza filimu, ungekula, ungelala. Na bibi yake angekuwa anamungojea kule, huku wewe unamuandikia dada yako vile ulipendwa Walikale.

Tuko nyumbani. Nilimutoa kule kwa maneno kwanza, kisha kwa mikono. Ku kamio wapakizi walimuinua kama gunia, na yeye akafumba macho. Hapa Mama yetu anampikia uji. Mama yake mwenyewe alikuja, akamuona, akarudi kwake bila kukaa. Sebarenzi amepata njia nyingine ya kupitia jioni.

Hapa hawajui lile jina. Hapa ni Nzabandora. Watu wanamuangalia, njo kweli, lakini wanamuita vile alibatizwa na vile baba yake alimuita. Ameanza kukaa inje mbele ya nyumba. Juzi aliimba kidogo.

Sasa Chefu ametangaza kama ku Sikukuu ya Mufalme wa Ubelgiji, mu Novemba, sinema itakuja Bihambwe, na kila nyumba itoke. Watoto hawalali. Nakuomba kintu moja, na sijakuombaka mingi: leteni choo, leteni inzi, leteni Wazungu wanaopanda farasi. Usilete ile.

Athanasie


Goma, tarehe 1 Novemba 1953

Athanasie,

Nimemuomba Bwana Agent. Nilimueleza yote, na jina la Nzabandora nikamutajia. Alisikiliza vizuri, alinipa hata sigara. Kisha akasema: « Bila Papa Bapa hakuna atakayekaa kuangalia choo. Na ni michoro tu, Léonard. Michoro haiumizi muntu. »

Filimu itakuja. Lakini mikro iko mu mukono wangu. Papa Bapa akitoka sitasema neno. Sitamuita jina, sitafanya sauti. Nitasimama mbele ya kijiji chetu kama bubu, na Bwana Agent anifanyie kile atataka. Ile sauti njo mali yangu yote, na nitainyamazisha juu yenu.

Léonard


Goma, tarehe 4 Desemba 1953

Shemeji Nzabandora,

Nakuandikia wewe kwa sababu Athanasie hanijibu. Nimemutumia barua kiisha Sikukuu, hakuna kintu.

Mulishuhudia. Sikusema neno. Nilishika ile mikro na mikono miwili, na mudomo wangu ulikuwa unatetemeka kwa kuzoea. Nilifikiri filimu itakufa. Nilitaka ife. Na watu wakacheka, shemeji. Walicheka tangu jembe mpaka jiwe, bila mimi. Walicheka kama Mweso, kama Rutshuru. Bwana Agent alikuwa anawaangalia wao, hakuniangalia mimi. Mu njia ya kurudi akaniambia kwa upole: « Kumbe, Léonard, mashini inatosha. » Mwisho wa mwezi walichukua mikro na kofia ya Serikali.

Misioni inasema labda watanirudishia darasa la watoto wadogo. Watanicheka, maana wote wananijua.

Haiko hiyo inayoniuma sana. Niliona Athanasie anasimama katikati ya filimu na kwenda. Kwa nini? Nilifanya vile niliahidi. Nilikosa wapi tena?

Léonard


Bihambwe, tarehe 20 Desemba 1953

Shemeji Léonard,

Pole kwa kazi. Ulifanya vile uliahidi, na Athanasie anajua. Hakukasirikia wewe. Anakasirikia mimi.

Ile siku sikutaka kwenda, lakini Chefu alisema kila nyumba. Athanasie alinikalisha nyuma, ku ukuta wa shule, akakaa mbele yangu mwanga usinipate. Akaniambia, « Muntu akikucheka, nitamupasua kichwa. » Nilimuamini.

Papa Bapa akatoka. Watu walingojea sauti yako, haikuja. Nilikuwa nasikia mashini inakula filimu. Nikafikiri: sasa watageuka, wataniangalia. Halafu jiwe likamupiga, na mutoto moja akacheka, na mama yake, na wote. Na hakuna aliyegeuka, shemeji. Hata muntu moja. Wote macho yao yalikuwa ku kitambaa. Tangu mulima uanguke, ilikuwa mara ya kwanza niko kati ya watu na hakuna anayeniangalia. Ule nyama analaliwa na jiwe, anasimama, anatembea. Analaliwa tena, anasimama. Nikacheka. Sijui ilitoka wapi. Nilicheka kwa nguvu kupita wote. Mugongo uliniuma mpaka machozi, na sikuacha.

Njo wakageuka. Wakaniona, wakaona vile nimekunjamana juu ya kucheka. Wakaangalia kitambaa, wakaniangalia mimi. Kuko kijana wa mupakizi wa viazi, alikuwa amefika Walikale. Njo alisema lile jina. Wakacheka tena, na sasa haikuwa juu ya filimu.

Nilingojea Athanasie amupasue kichwa. Alisimama tu, akafunga kikwembe, akaenda.

Nilirudi pole pole, peke yangu. Chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa. Nikamuambia: « Ni kicheko tu. » Akasema: « Nilikutoa kati yao na mikono yangu, na wewe umerudi kukaa nao. » Tangu pale hajaniambia neno lingine. Anazungumza na Mama yenu, na kuku, na wapita njia. Mimi hapana.

Hapa watoto wote sasa wananiita lile jina. Ninaitika. Kama siitike wanasema kwa sauti kubwa zaidi, na yeye anasikia.

Ukija Noeli, kuja tu, kitanda kiko. Pengine wewe atakusalimia.

Kila jioni ananipakaa mafuta ya mawese ku mugongo, kama munganga alisema. Mikono yake iko na nguvu, na iko na upole, haijabadilika. Jana nilimuomba aseme hata kintu kimoja, hata tusi. Alimaliza kupakaa, akafunga chupa, akapangusa mikono, akatoka.

Shemeji yako,
Nzabandora